Namba ya Kituo cha Nne

Kazi niliyoichukia kuliko zote ni kusugua magamba ya chaza kabla ya kwenda shule. Mama hukaa kwenye kigoda penye mlango wa uani, ndoo iliyojaa kushoto, ndoo tupu kulia, nami nimechuchumaa mbele yake na brashi ngumu mkononi. Chaza hutoka majini wamepakwa tope na kuota mwani. Mnunuzi hataki kuyaona hayo. Anataka chaza aliye hai, aliyefumba gamba lake kwa nguvu, msafi wa kuwekwa mezani.

"Huyu umemwacha na ndevu za mwani," Mama alisema asubuhi hiyo.

"Ni ndevu mbili tu, Mama."

"Wewe ukiletewa sahani ina ndevu mbili utakula?"

"Nitazitoa kwanza."

"Basi zitoe sasa. Mbishi we!"

Hilo ndilo jina langu. Kwenye daftari la mahudhurio kuna jina jingine, lakini hata mwalimu mkuu hulisahau. Nyumbani Mbishi, shuleni Mbishi, sokoni Mbishi. Wala sikatai. Mtu akiniambia nje kuna jua, mimi hutoka kwanza nikahakikishe.

Asubuhi hiyo ndoo ilinuka. Chaza akifa, gamba lake hufunguka, na siku hiyo karibu nusu ya ndoo walikuwa wameachama. Mama aliwatupa mmoja mmoja. Yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja wana vichanja vya miti pale mto unapokutana na bahari. Kwenye vichanja hivyo wamening'iniza kamba, na chaza hukua juu ya kamba hizo kwa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuvunwa. Nyumba yetu, sare yangu, hata kigoda kile, vyote vimetoka kwenye kamba zile. Sasa kwa wiki tatu maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa mboga, na chaza walikuwa wanakufa.

Ndipo tarishi akabisha hodi na barua kutoka Ofisi ya Afya.

"Nisomee, mikono yangu ina tope," Mama alisema.

Nikasoma. Barua ilisema kwamba mlango wa mto umechafuka, na kwamba uchafu huo unatoka kwa wafugaji wa chaza. Vichanja vyote vingeng'olewa mwisho wa mwezi. Mwenye la kusema aje ukumbini Alhamisi, saa tisa alasiri.

"Uchafu gani?" Mama aliinuka, kigoda kikaanguka. "Tunauza chaza na gamba lake na uhai wake! Tunatupa nini sisi? Kivuli?"

Lakini barua ilikuwa haijaisha. Nilisoma mstari wa mwisho kwa sauti iliyokuwa ikififia. "Vipimo vya wanafunzi wa shule vinaonyesha kwamba maji ni safi kutoka kituo cha kwanza hadi cha nne, na yanachafuka ghafla kituo cha tano, penye vichanja."

Brashi iliniponyoka, ikatumbukia ndooni.

"Okota brashi, utachelewa," alisema Mama. Hakuniangalia usoni. Laiti angeniangalia, angejua yote palepale, maana kipimo cha kituo cha nne kilikuwa changu, na kilikuwa uongo.

Sasa lazima nieleze, na nitaeleza bila kujipaka mafuta.

Shuleni tuna Klabu ya Maji. Aliyeianzisha ni mwalimu wetu wa sayansi, mama mfupi mwenye sauti inayoshinda kengele. Siku ya kwanza alituonyesha kwenye kompyuta picha ya mto wetu iliyopigwa na setilaiti, chombo kinachoizunguka dunia huko juu kabisa. Tuliona paa la shule, dogo kuliko punje ya mchele. Tuliona mto ukiingia baharini.

"Inapita juu yetu kila baada ya siku tano, saa nne na nusu asubuhi," Mwalimu alisema. "Na picha zake ni bure, yeyote anaweza kuzichukua. Kwa picha hizi tunaweza kujua maji yamelishwa mbolea kiasi gani."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mbolea ikiyeyuka haionekani. Hiyo setilaiti inaionaje?"

"Haya, Mbishi kaanza," wenzangu wakacheka.

"Kauliza vizuri," Mwalimu alisema. "Haiioni. Haina ulimi wa kuonja maji. Inaona rangi tu. Mbolea na samadi zikiingia majini zinalisha vimea vidogo sana, vidogo hata huwezi kukiona kimoja peke yake. Vimea hivyo vikishiba vinazaana, maji yanakuwa ya kijani. Kisha vinakufa, vinaoza, na vikioza vinamaliza hewa iliyomo majini. Samaki na chaza wanakosa pumzi. Kwa hiyo ile kijani ni onyo. Lakini tope nalo lina rangi yake, na maji ya kina kifupi nayo yana yake. Lazima awepo mtu hapa chini, saa ileile picha inapopigwa, aseme kama hii ni mbolea au ni tope tu."

"Na mtu huyo ni nani?"

"Ni nyinyi."

Nakumbuka nilivyovimba kichwa siku hiyo. Tulipewa mfuniko wa ndoo uliopakwa rangi nyeupe na nyeusi, umefungwa kwenye kamba yenye fundo kila baada ya shubiri moja. Unauteremsha majini, unahesabu mafundo mpaka usiuone tena. Tulipewa pia vichupa na unga mweupe. Maji yenye mbolea yakichanganywa na unga ule hugeuka ya waridi, na kadiri mbolea ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Unalinganisha na kadi yenye rangi kuanzia sifuri hadi kumi. Vyote vinaandikwa kwenye daftari moja kubwa, kwa kalamu ya wino.

"Ufutio ni marufuku," Mwalimu alisema. "Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi pembeni, utie saini. Atakayesoma aone ulipokosea."

Vituo vilikuwa sita. Vitatu vya mwanzo viko juu mtoni. Cha tano kiko kwenye vichanja vya kina Mama, cha sita karibu na bahari. Na cha nne, jamani, kiko pale mfereji wa shamba la kuku unapoingia mtoni. Shamba lile lina mabanda marefu kama treni, na tope la pale linakumeza mpaka mapajani. Mara ya kwanza niliacha ndara moja humo. Mara ya pili tope lilinishika mpaka rafiki yangu Pweza akanivuta kwa kamba. Huyo anaitwa Pweza kwa sababu hawezi kushika kitu bila kukimwaga, lakini kamba anaishika barabara. Mara zote mbili maji yalikuwa safi.

Mara ya tatu Pweza alikuwa na homa. Mwalimu akaniambia, "Ukimaliza cha tatu nisubiri, nitakuja nikushikie kamba cha nne."

"Aa, Mwalimu, naweza peke yangu."

"Una hakika?"

"Kwani mimi mtoto?"

Nikapima cha tatu vizuri: mafundo saba, rangi mbili. Nikaenda mpaka ukingo wa cha nne. Nikaweka mguu mmoja, tope likafanya sauti ya kunywa uji. Lilinuka. Nikaogopa, huo ndio ukweli, na kwa ubishi wangu sikutaka kurudi kumwita Mwalimu niliyemwambia kwamba naweza. Nikajiambia ni hatua hamsini tu kutoka cha tatu, maji ni yaleyale. Nikafungua daftari, nikaandika mafundo sita, rangi mbili. Niliandika sita badala ya saba ili isifanane sana. Mnaona ujanja huo? Mpaka leo nikikumbuka ile sita, masikio yanawaka moto.

Picha ya siku ile ilipotoka, Mwalimu aliitazama muda mrefu. Ulimi wa kijani ulianzia palepale mfereji unapoingia, ukashuka mpaka kwenye vichanja.

"Ajabu. Picha inasema kituo cha nne ni kichafu, daftari linasema ni safi. Mbishi, ulipima?"

"Nilipima, Mwalimu."

Akanitazama. Halafu akachukua kalamu, akaandika pembeni ya picha: *Huenda ni tope linaloonekana kwa chini. Mwanafunzi alipima, maji ni safi.* Alilikataa jicho la setilaiti nzima kwa sababu yangu mimi.

Tangu siku hiyo mvua zikaanza, na kila picha iliyokuja ilikuwa mawingu matupu. Hatukupima tena, kwa kuwa hapakuwa na picha ya kulinganisha. Mwisho wa mwezi Mwalimu alipeleka nakala ya daftari Ofisi ya Afya, kama kawaida. Ofisa wa pale, tunayemwita Bwana Afya, akasoma: cha tatu safi, cha nne safi, cha tano kichafu. Ungekuwa wewe ungesema uchafu umeanzia wapi?

Alhamisi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na viti vya plastiki, feni iliyokuwa ikigonga kila inapozunguka, na meza moja alipokaa Bwana Afya na faili lake. Ni mtu mwembamba, anayezungumza polepole, na viatu vyake unaweza kujitazamia. Kando yake alikaa Meneja wa shamba la kuku, amekunja nne, akijipepea kwa karatasi. Mama na wenzake walikaa mstari wa mbele. Mimi na Pweza tulisimama nyuma, ukutani.

Mwalimu aliinua picha. "Tazameni wenyewe. Kijani inaanzia kwenye mfereji."

"Mwalimu," Meneja alisema kwa tabasamu, "hiyo si picha yenye maelezo yako mwenyewe? Umeandika nini pembeni? Huenda ni tope. Mwanafunzi alipima, maji ni safi. Sasa leo unakataa mwandiko wako?"

Mwalimu aliishusha picha.

Bwana Afya alifungua daftari. "Mimi nafuata vipimo. Kituo cha nne kilipimwa na binti wa huyu mama hapa mbele." Akamgeukia Mama. "Mama, au unasema mwanao ni mwongo?"

Wenzake walimgusa Mama. Mmoja alimnong'oneza, "Sema kakosea! Ni mtoto, sema kakosea!"

Mama aliinuka. Alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, kile cha kwenda kwenye mambo mazito.

"Mwanangu ana mdomo," alisema. "Hilo mnalijua wote. Amenibishia tangu ajue kusema. Lakini kudanganya, hapana. Kama ameandika maji yalikuwa safi, basi siku hiyo yalikuwa safi. Nataka vichanja vyangu, nimevilea kuliko mnavyodhani. Ila sitamwita mwanangu mwongo mbele za watu ili nivipate."

Akaketi. Bwana Afya akafungua kalamu yake ili aandike.

Siwezi kueleza nilivyojisikia. Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Hata setilaiti haikujua. Ilipiga maji, haikunipiga picha mimi nikiwa nimesimama ukingoni na kalamu. Lakini nilitazama mgongo wa Mama umenyooka vile kwa ajili yangu, nikashindwa.

"Kipimo hicho ni cha uongo!"

Vichwa vyote viligeuka isipokuwa kimoja. Mama hakugeuka.

"Nimekiandika mimi," nikasema kwa hasira, hasira yangu juu yangu mwenyewe. "Sikuingia majini. Niliogopa tope, nikabuni namba. Mwalimu aliniuliza, nikamdanganya. Aliandika vile kwa sababu aliniamini."

Meneja alipiga makofi mara mbili. "Si mnaona? Mambo ya watoto hayo! Wanabuni namba. Litupeni daftari zima na picha zake, ng'oeni vichanja, tukafanye kazi nyingine."

"Binti," Bwana Afya alisema kwa ukali, "ukishadanganya kimoja, nitaviaminije vile vingine?"

Hilo lilinichoma, maana alikuwa na haki.

"Usiviamini!" nikajibu. "Usiniamini mimi. Usimwamini na yeye, maana ana kuku wake wa kuwatetea. Keshokutwa Jumamosi, saa nne na nusu, setilaiti inapita tena. Haimjui Mama, haimjui Meneja. Njoo usimame kituo cha nne, upime kwa mkono wako mwenyewe, halafu tungoje picha."

"Kaa chini."

"Sikai."

"Nimesema kaa chini!"

"Nitakaa ukisema utakuja!"

Watu waliguna. Pweza alinivuta shati, nikamtoa mkono. Ndipo Mama akageuka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na sikujua yatanifanya nini.

"Mbishi," alisema taratibu, "simama hapohapo." Kisha akamgeukia Bwana Afya. "Haya baba, mtoto kakuuliza. Unakuja ama huji?"

Bwana Afya alitazama kalamu yake, akaifunga. "Jumamosi. Na picha isipotoka, au maji yakiwa safi, natia saini."

Tulirudi nyumbani. Mlangoni Mama alisimama.

"Nilisimama mbele za watu nikakutetea."

"Najua, Mama."

"Hujui. Utajua ukiwa na mtoto wako." Akavua kitambaa, akakikunja. "Kesho utasugua ndoo mbili."

Nilisugua tatu, na hakuna ndevu hata moja iliyobaki. Ijumaa hiyo mvua ilinyesha kutwa nzima, nami kila nikinyanyua kichwa kutoka kwenye brashi naona wingu zito limekaa juu ya nyumba. Pweza alikuja kunifariji. Alisema labda litaondoka, labda halitaondoka. Nilimshukuru kwa msaada wake.

Jumamosi saa nne tulikuwa ukingoni: Mwalimu na daftari, Mama na wenzake, Pweza na kamba, na Bwana Afya na viatu vyake vinavyong'aa. Meneja alikuja kwa gari, akasimama mbali ili asichafuke. Mvua ilikuwa imekatika, lakini anga lilikuwa jeupe.

"Mawingu," Meneja alisema. "Poleni sana."

"Saa nne na nusu haijafika," nikamwambia.

Tulianzia cha tatu. Bwana Afya alishika kamba mwenyewe: mafundo matano, rangi mbili. Tukatembea zile hatua hamsini. Nikavua ndara, nikafunga kamba kiunoni, Pweza akashika upande wa pili, nikaingia. Tope likanipanda magotini, likapanda mapajani. Lilinuka kuliko siku zote. Niliogopa vilevile, sikudanganyi. Woga haukupungua hata kidogo, ila safari hii niliendelea.

"Nimesema apime mwenye shaka!" nikapiga kelele. "Bwana Afya, njoo!"

Wanawake wakaangua kicheko. Bwana Afya alitazama viatu, akatazama umati, akakunja suruali, akaingia. Hatua ya tatu tu alitoa mguu bila kiatu. Akaendelea kuja, na hapo nikaanza kumheshimu.

"Mbishi, tazama juu!" Pweza aliita.

Wingu lilikuwa limepasuka. Jua likapiga maji yale, nayo yalikuwa ya kijani kibichi kabisa. Saa ya Mwalimu ilisema saa nne na dakika ishirini na sita. Bwana Afya aliteremsha mfuniko. Fundo la kwanza halijagusa maji, mfuniko ukapotea. Akauinua, akauteremsha tena polepole, ukapotea palepale. Nikajaza kichupa, nikampa, akatia unga na kutikisa.

Kichupa kiligeuka waridi kabla hajamaliza kutikisa, kikakolea mpaka kikawa chekundu.

"Hii ni ngapi?" akauliza, akisogeza kadi huku na huku.

"Kadi inaishia kumi," nikamwambia. "Hii haimo kwenye kadi."

Alisimama muda, kichupa mkononi, kiatu kimoja mguuni. Halafu hakurudi ukingoni. Alipanda mfereji kwa miguu, nasi sote nyuma yake, mpaka kwenye ukuta wa shamba la kuku. Chini ya ukuta, ndani ya majani, kulikuwa na bomba nene kutoka kwenye shimo la samadi. Lilikuwa limezibwa kwa magunia, na mvua ya Ijumaa ilikuwa imelijaza shimo mpaka samadi inachuruzika pembeni mwa magunia.

"Bomba la zamani hilo," Meneja alisema nyuma yetu, anahema. "Hata mimi sikulijua."

Mama aliinama, akalishika gunia moja kwa vidole viwili. Lilikuwa jipya, karatasi ya dukani bado imeshonwa pembeni.

"Bomba la zamani," alisema Mama, "lakini gunia bado linanuka duka."

Tulimaliza na kituo cha tano, penye vichanja: rangi saba. Jumatatu picha ilitoka. Bwana Afya alikuja mwenyewe kwenye chumba cha kompyuta, akajibana kwenye kiti cha mwanafunzi. Ulimi wa kijani ulianza mahali alipopoteza kiatu chake, ukapungua kidogo kidogo mpaka vichanjani, kama vichupa vyetu vilivyosema. Aliiweka picha kando ya vipimo, akavitazama mara tatu. Kisha akatoa barua ya kung'oa vichanja kwenye faili, akaichana vipande vinne. Wiki hiyohiyo bomba lilizibwa kwa saruji, na shamba likaamriwa kuchimba bwawa la samadi lenye sakafu isiyovuja, mbali na mto.

Chaza waliokufa hawakufufuka. Nusu nzima ya kamba zilikuwa tupu, na Mama na wenzake walianza upya. Mimi nilidhani mambo yangu yameisha, mpaka Mwalimu aliponiita na kulifungua daftari kwenye ukurasa ule.

"Malizia," alisema, akanipa kalamu.

Nikapiga mstari mmoja juu ya sita na mbili. Pembeni nikaandika: *Sikupima.* Nikatia saini, jina langu lile la daftari la mahudhurio. Nilidhani atafunga. Lakini Mwalimu aliichukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno yake mwenyewe pembeni ya picha, akaandika: *Picha ilikuwa sahihi. Sikurudi kituoni kuhakikisha.* Naye akatia saini.

"Mwalimu, kosa lilikuwa langu."

"Lako umeshaandika," alisema. "Hili ni langu."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani na brashi. Ndoo ilikuwa na chaza wachache, lakini wote walikuwa wamefumba.

"Mama, wewe hukuniuliza kitu kabla hujasimama siku ile. Kwa nini?"

"Sikuona haja." Alimgeuza chaza, akamkagua, akamtia kwenye ndoo ya kulia. "Nisikilize, Mbishi. Ubishi wako haujawahi kunichukiza, ingawa unanichosha. Siku ile ukumbini umetuokoa. Lakini kumbuka kilichotufikisha ukumbini ni namba moja ya uongo, na aliyeiandika alidhani ni ndogo. Wewe uliona ni hatua hamsini. Kwetu sisi ilikuwa vichanja vyote. Ukiogopa, sema unaogopa. Ukishindwa, sema umeshindwa, watu watakushikia kamba. Lakini ukisema umefanya, uwe umefanya. Hapo ndipo ukibisha, watu watakusikiliza."

"Na nisipo..."

"Unabisha tena?"

"Hapana, Mama."

"Huyo ana ndevu."

Nikazitoa.

Siku hizi kila siku ya tano, saa nne na nusu, niko kituo cha nne, tope mapajani na Pweza ukingoni kashika kamba. Siioni setilaiti, iko mbali mno. Najua tu kwamba inapita. Nateremsha mfuniko, nahesabu mafundo, natikisa kichupa, kisha nanyanyua uso.

"Haya, piga," naiambia. "Leo nipo."